Fyuzi Iliyokaa kwenye Kopo la Vifungo

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naandika kwa mkono na kwa herufi kubwa kama ulivyoagiza, maana mara ya mwisho nilipokupigia simu nilikuuliza habari za mgongo, wewe ukanijibu habari za mvua, tukaagana kila mtu akiwa ameridhika na jibu lake. Mimi mzima. Kliniki kazi ni ileile, watoto wanazaliwa bila kupanga foleni. Juzi nilipokea mapacha, mama yao akaniambia nina mikono myepesi. Ningependa umsikie, wewe uliyeniita Kiroboto kwa sababu sikuwahi kutulia mahali.

Miezi mitano imepita tangu baba atutoke, na ndiyo kwanza nimepata moyo wa kupanga chumba chake. Unamjua. Kila kitu kina tarehe. Balbu ya chumbani ameiandikia siku aliyoifunga, kwa kalamu ya wino, karibu na kitako. Juu ya kabati, chini ya blanketi la kijivu, nimekuta ile mashine ya tepu yenye magurudumu mawili. Kando yake kuna boksi bapa lililozungushiwa gundi ya karatasi, na juu yake ameandika: SAUTI YA MAMA MTOTO.

Mjomba, mimi mikono ya mama naikumbuka. Nakumbuka alivyokuwa akinifunga vifungo kuanzia chini kwenda juu. Sauti yake imefutika kabisa. Nilikuwa na miaka sita tu alipotutoka. Najaribu kuisikia, nasikia yangu.

Nilikuwa nimeshashika plagi, soketi iko hatua mbili. Nikakumbuka ulivyonipiga kibao cha mkono kwenye karakana yako: "Usichomeke kitu usichokijua!" Nikaiweka chini. Sasa niambie nifanye nini, na unijibu haraka kabla mkono haujanizidi nguvu.

Mpwa wako,
Kiroboto

17 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, na Mungu akulinde wewe na hiyo mikono yako myepesi. Mimi niko salama isipokuwa masikio, ambayo sasa yamebaki ya kushikilia miwani. Miaka arobaini ya kujaribu spika za watu, nawe unategemea nini? Mke wa mjomba wako anakusalimu. Anasema usisahau kula, nami nimeambiwa niliandike hilo kabla ya habari za mashine.

USICHOMEKE. Nimeliandika kubwa ulione hata bila miwani.

Ile mashine ina miaka ishirini na sita haijaonja umeme. Ndani yake kuna vikopo vidogo viitwavyo kapasita, vinavyohifadhi umeme na kuutuliza. Vikikaa miaka bila kazi vinakauka, vingine vinavuja, na ukivishtua kwa umeme wote kwa mpigo vinaweza kupasuka, tena kwa moshi wa kukufukuza nyumbani. Hapo utakuwa umeunguza na transfoma, ambayo leo huipati dukani. Wewe unayezalisha watu hushindwi kungoja. Mtoto akichelewa humvuti mguu.

Kwa hiyo fanya hivi, polepole. Iweke mezani penye mwanga, waya wake ukiwa mbali na soketi, na huo waya uukague kote kwa vidole. Ukikuta umepasuka au panya ameuonja, ujue haufai, wala usiufunge gundi. Kisha funua mfuniko wa nyuma, skrubu ni nne. Tazama tu, usiguse. Tafuta kapasita iliyovimba kichwa, iliyotoa ute, au alama ya kuungua. Nusa pia. Pua yako nzuri, ulikuwa ukijua jirani anapika nini kabla hajaosha sufuria. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya rangi iliyo mpya. Mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu utaukuta umegeuka lami. Usishangae, na usiuguse kwa nguo nzuri.

Kuwasha si kazi yako. Tafuta fundi hapo karibu, mtu mzima mwenye meza safi, aiunganishe kupitia balbu ya kizamani, ile yenye waya mwembamba ndani. Umeme upite kwanza kwenye balbu ndipo uingie kwenye mashine. Balbu ikiwaka kidogo halafu ikafifia, mashine inapumua. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, achomoe, kuna shoti. Na baada ya hapo hakuna kuingiza kidole ndani hata kama imechomolewa, maana hivyo vikopo vinabaki na umeme tumboni.

Boksi la tepu usilifungue mpaka mashine imeendesha tepu nyingine isiyo na thamani. Mashine iliyolala inaweza kutafuna, na ya mama yako ni moja tu. Naomba uniahidi.

Mjomba wako

9 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena. Nakula, mwambie mke wa mjomba. Mvua imeanza, chumba cha nyuma kinavuja palepale, na beseni la baba bado liko palepale, limeandikwa tarehe.

Nimeahidi na nimetimiza. Boksi liko kabatini, sijaligusa hata gundi. Waya panya alikuwa ameuonja kweli, sehemu mbili. Mkanda ulikuwa lami, nimeupata kwenye nywele na sijui umefikaje. Kapasita mbili zimevimba, moja imetoa ute wa kahawia, na nilipofunua mfuniko palikuwa na harufu ya samaki aliyesahaulika.

Fundi nimempata. Ni mwanamke, ana kibanda nyuma ya kliniki, anatengeneza simu na redio. Wateja wanamwita Mama Solda. Najua utakunja uso ukisikia simu, lakini meza yake ni safi kuliko chumba changu cha kuzalishia. Nilimsomea barua yako. Alipofika pale pa balbu akasema, "Huyu mjomba wako nampenda." Akabadilisha waya na kapasita, akaunganisha balbu yake, mimi nikasimama nyuma nimeshika roho mkononi.

Balbu haikuwaka. Hata kidogo. Hakuna kufifia, hakuna kupumua, kimya.

Akageuza mashine, akafungua kile kifuniko kidogo cha mviringo kinachokaa mgongoni, akachungulia. Pa fyuzi ni patupu. Hakuna kioo kilichovunjika humo, hakuna weusi wa kuungua, na kifuniko kilikuwa kimekazwa vizuri. Akasema, "Hii haikuungua, dada. Imetolewa, na aliyeitoa anajua kazi." Kisha akaniuliza kitu ambacho nami nakuuliza: mbona barua yako imetaja kila kitu mpaka vumbi na brashi, lakini fyuzi haikuitaja?

Maandishi yanayoonyesha ukubwa wa fyuzi yamefutika. Ana zake kwenye droo lakini hataki kubahatisha, nami nimemwambia tungoje, mjomba anajua. Niambie ni ya kiasi gani.

Kiroboto

22 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku mvua imekataa kabisa, mke wa mjomba wako anamwagilia bustani kwa maji ya kuoshea mchele.

Msalimu huyo fundi wa kike. Mtu anayekataa kubahatisha ni fundi, awe anatengeneza simu au saa ya ukutani. Mwambie asisahau kichwa cha tepu, pale utepe unapopita. Akisafishe kwa pamba na spiriti, taratibu, mpaka pamba itoke nyeupe, na kile kigurudumu cha mpira kinachoubana utepe pia. Mkanda mpya usiwe mgumu. Ukiwa mgumu mashine itakimbia, na mama yako atasikika kama kuku aliyekanyagwa.

Karatasi imekwisha. Nisalimie kliniki yote.

Mjomba

6 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Karatasi haikuwa imekwisha. Nyuma ilikuwa nyeupe yote, nimeigeuza mara mbili.

Kichwa cha tepu kinang'aa. Mkanda mpya si mgumu. Spika tumezijaribu kwa redio ya Mama Solda, zinafanya kazi. Kilichobaki ni kipande cha kioo kisichozidi kucha yangu, na mtu mmoja tu anayejua ukubwa wake, ambaye ananizungusha.

Sina hasira. Mimi nakaa na wanawake saa kumi na nne wakiwa na uchungu, nawaambia mambo mawili tu: pumua, na usijizuie. Nawe nakuambia hayohayo.

Kiroboto

30 Mei

Mpwa wangu,

Najua umengoja karibu miezi miwili. Hakuna mgonjwa huku. Nimekuandikia barua nne, zote mke wa mjomba wako amewashia jiko. Ya tano ameniambia akiona naikunja ataipeleka posta mwenyewe.

Ndani ya bahasha hii, kwenye kipande cha pamba, kuna fyuzi. Ni ya ampea moja, ile inayochelewa kukatika. Usiweke kubwa zaidi, wala asikudanganye mtu kufunga karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara au uzi wa waya, nyumba zimeungua kwa ujanja huo. Hiyo si fyuzi inayofanana na ya mashine yenu. Ndiyo yenyewe. Imekaa kwangu miaka ishirini na sita, kwenye kopo la vifungo.

Niliitoa mimi.

Mama yako alipotutoka, baba yako hakulia mbele za watu. Alirudi kazini kwenye ujenzi wa barabara zake, akawa anarudi nyumbani jioni, anakaa kwenye kiti, anawasha ile tepu. Ikiisha anairudisha mwanzo, anawasha tena. Jumamosi moja, tarehe tano Juni, nilikuja bila taarifa. Sufuria imeungua jikoni. Wewe umelala sakafuni kando ya mashine na sare ya shule ya tangu jana, vifungo umevifunga mwenyewe na umekosea vyote, mkononi una kipande cha mkate mkavu. Baba yako alinikaribisha vizuri kabisa, halafu akageuza tepu.

Nilimwambia mashine inanuka moto, acha niitazame. Nikafungua kile kifuniko, nikaificha fyuzi kiganjani, nikamwambia, "Shemeji, imeungua kifaa, hakipatikani hapa. Nitakitafuta, nisubiri." Akasema, "Nakungoja, shemeji." Akaniamini kama mtu anavyomwamini daktari.

Nilidhani mwezi mmoja. Apate kukuona. Mwezi ulipoisha nikasema wa pili. Mwaka ulipoisha ningeanzaje? Ningesema nimeipata wapi? Hakuwahi kuniuliza, na kila asiponiuliza mimi nilizidi kuwa mdogo. Ndiyo maana nikaanza kuja mara chache, halafu kwenye misiba tu. Uliniuliza siku moja kwa nini mjomba haji, nikakuambia kazi nyingi.

Siku tunamzika baba yako, fyuzi ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu. Nilifika na nia ya kumwambia, hata kama amelala. Kulikuwa na watu wengi, nikarudi nayo.

Nilimwibia mtu sauti ya mkewe, nikamdanganya, na akafa akiningoja. Hilo ndilo sikuweza kuliandika nyuma ya karatasi.

Nisamehe ukiweza. Na bado nakuomba, anza na tepu isiyo na thamani.

Mjomba wako

21 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo, na tafadhali kaa chini. Mwite mke wa mjomba akae nawe. Barua hii ni ndefu na ina mzigo ndani yake.

Kwanza nakushukuru. Sikungoja kuona mashine itafanya nini ndipo nishukuru. Nilishukuru palepale niliposoma, nimesimama mlangoni na koti la kazi. Mimi siikumbuki ile sakafu wala ule mkate. Ninachokumbuka ni baba kujifunza kusuka nywele zangu, akinipeleka shule na mistari miwili inayokwenda kila mmoja njia yake. Nakumbuka tukipika pamoja, yeye akiandika tarehe kwenye kopo la chumvi. Sikujua kwamba kulikuwa na jioni moja ambayo hayo yote yalianzia. Ni wewe uliyenipa baba yangu, mjomba. Sijui neno kubwa zaidi ya asante, ningelitumia.

Sasa mashine. Mama Solda aliweka fyuzi yako, akaunganisha balbu. Iliwaka kidogo, ikafifia, ikabaki na wekundu mdogo tu. Tulikaa nayo hivyo robo saa, ananusa, mimi nanusa. Kisha akaitoa balbu, akaipa mashine umeme wake kamili. Tukapitisha tepu moja aliyokuwa nayo ya mafunzo ya kupiga taipu, mwanamke akisoma herufi. Haikutafuna. Haikukimbia. Mama Solda akaniambia, "Haya, kalete ya kwako," akatoka nje, akavuta pazia la kibanda, akakaa kwenye kizingiti kuzuia wateja.

Nikakata gundi ya boksi. Juu ya tepu kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, na ndani ya karatasi hiyo kulikuwa na fyuzi.

Fyuzi mpya, mjomba. Ampea moja, ile inayochelewa kukatika. Nakutumia barua yenyewe uione kwa macho yako, maana najua hutaniamini, lakini nainakili hapa pia:

"19 Juni. Nimefungua mgongo wa mashine. Fyuzi haipo. Haikuungua, imetolewa, na aliyeshika ni shemeji peke yake. Nimenunua nyingine leo. Nilikuwa naiweka, mtoto akaja akaniuliza tunapika nini. Nimeitoa. Shemeji akirudisha ya kwake tutawasha pamoja. Asiulizwe."

Soma tarehe. Siku kumi na nne, mjomba. Alijua baada ya siku kumi na nne. Miaka yote alikuwa na fyuzi yake ndani ya nyumba, na angeweza kuwasha jioni yoyote aliyotaka.

Chini yake, kwa kalamu nyingine, ameandika tena. Tarehe ni ya mwaka nilioingia chuo cha ukunga: "Mtoto kaondoka leo na sanduku langu. Shemeji alikuwa sahihi. Simwambii, atavimba kichwa."

Nilicheka peke yangu mle kibandani mpaka Mama Solda akachungulia kuona kama nimepigwa na umeme.

Halafu nikamsikiliza mama. Najua wewe hutaweza, ndiyo maana nimeketi na kalamu, nikasimamisha na kuendesha, nikaandika kila neno. Mengi ni ya baba, nimeyaacha humo kwenye tepu, si yetu. Haya ni yako na yangu.

Mwanzo kabisa unasikika wewe, kijana, na sauti ya kujidai: "Moja, mbili. Moja, mbili. Dada, sogea karibu. Usipige kelele, siyo ng'ambo ya mto." Mama anasema, "Nenda nje basi, nataka kuongea na mume wangu." Mlango unafungwa. Kisha anasema hivi:

"Baba mtoto, hujambo huko kambini kwenye barabara zako. Chumba cha nyuma kinavuja. Mtoto amejifunza kufunga vifungo, anakosea, lakini hataki kusaidiwa. Ananiambia 'mimi mwenyewe.' Huyu mdogo wangu nimemtoa nje, anajifanya kaondoka, na mimi namsikia anapumua mlangoni. Sikiliza, nikuambie polepole, asijue kwamba namsifu. Amebeba mashine hii begani kutoka karakana mpaka hapa, kwenye matope, yeye hakujifunika, ameifunika mashine. Amelowa kama kifaranga. Ukirudi umshukuru. Wewe na mimi tukichoka, huyu ndiye atakayemtazama mtoto. Ana maneno mengi na moyo mmoja."

Hapo anacheka. Mjomba, anacheka kama mimi, kwa kuvuta pumzi kwanza. Miaka yote nilidhani sauti yake imefutika, kumbe nilikuwa naitumia.

Fyuzi ya baba nimeiweka kwenye bahasha hii, kwenye pamba yako ileile. Yako inabaki kwenye mashine, ndivyo alivyotaka. Kopo la vifungo lisibaki tupu.

Mpwa wako anayekushukuru,
Kiroboto

8 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba.

Ni kweli kwamba nilikuwa napumua mlangoni. Sikusikia kitu, mlango ulikuwa mzito, na kwa miaka yote hii nilidhani alinitoa ili anisengenye kwa kula mkate wote. Sasa nimeisoma mara nyingi mpaka mke wa mjomba wako ameificha, anasema nitaichakaza kwa macho.

Nimelia, nakuambia wazi. Kwanza kwa ajili ya shemeji, kwamba tulikaa misiba mingapi benchi moja, mimi nimeificha fyuzi, na yeye amelificha jambo lilelile, akinipitishia chai. Halafu nikacheka. "Atavimba kichwa." Kimevimba, shemeji, kofia hainitoshi.

Ninakuja Jumamosi ijayo kwa basi la asubuhi. Usiendeshe tepu mpaka nifike. Masikio hayafai, lakini kiganja kipo. Utaniwekea mkono kwenye spika, na akifika pale anapocheka unigonge begani, nijue ni hapo. Huyo Mama Solda awepo pia, nimpe mkono, na nimwonyeshe bisibisi yangu ya kwanza kama hatanicheka.

Karatasi ya baba yako nakurudishia, kaa nayo, irudi kwenye boksi lake. Utaona nimemjibu. Nimeandika chini ya maneno yake, kwa wino, kama alivyopenda yeye, na nimeweka tarehe: "8 Julai. Shemeji, imerudi. Asante kwa kunisubiri."

Mjomba wako